Kwa miguu kutoka Machame hadi Marangu: mito ndiyo itakayowapangia siku

SWALI: Tunaishi Sakina, Arusha. Mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka 14 tuna siku tano za likizo mwezi Juni. Tumechoka kuuona Uchagga kupitia dirisha la basi. Tunataka kutembea kwa miguu katika njia ya zamani ya milimani, kijiji kwa kijiji, kutoka Machame hadi Marangu, tukilala hukohuko. Kwenye ramani ya simu naona ni kama kilomita 35 tu. Je, siku tano zinatosha? Tunahitaji kibali au mtu wa kutuongoza? Tutalala wapi? Mume wangu anasema tungechukua baiskeli tukamaliza mapema.

JIBU: Dada, safari hiyo inawezekana, lakini si Machame hadi Marangu kwa siku tano, na si mkiwa na kijana mnayetaka arudi nyumbani akiwa bado anapenda kutembea. Zile kilomita 35 ni za ndege. Ukizifuata kwa barabara za vumbi na vichochoro vya migombani zinakaribia kuwa mara mbili, na bado hujahesabu kupanda na kushuka.

Tatizo ni umbo la mlima. Upande wa kusini wa Kilimanjaro umechanwa na makorongo yanayotoka msituni moja kwa moja hadi tambarare, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wa ardhi wenye migomba, kahawa, shule na kanisa. Kila mgongo, au migongo miwili mitatu, zamani ulikuwa nchi ya mangi, yaani mtawala, wake: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, na kuendelea. Barabara za magari zilijengwa kufuata migongo, juu na chini, kwa sababu kahawa ilikuwa inashuka kwenda Moshi. Daladala nazo hufuata utaratibu huohuo. Nyie mnataka kwenda kinyume, kukatiza kutoka mgongo hadi mgongo. Njia zipo, za watu wa harusi, misiba na sokoni, lakini kila moja inakushusha mtoni kisha inakupandisha tena.

Kwa hiyo wakati wa kupanga siku, acha kilomita kwanza, hesabu mito. Kwa watu wa kawaida wenye mabegi mepesi, chukueni mwendo wa kilomita 3 kwa saa kwenye njia iliyo sawa, halafu ongezeni saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda. Korongo la wastani lina kina cha mita 100 hadi 200. Siku ya kilomita 12 yenye makorongo manne ya mita 150 ni saa nne za kutembea na saa moja ya kupanda. Tope likiwepo, ongezeni saa nyingine, maana kwenye udongo mwekundu mteremko ndio unaochelewesha zaidi. Mkiweka chakula cha mchana, salamu na mzee mmoja atakayewakaribisha kiti, siku imekwisha. Saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaingia, na chini ya migomba linaingia mapema kuliko hapo. Jipangieni kufika mnakolala saa kumi alasiri.

Makorongo magumu kuliko yote katika njia mliyoichora yako mwanzoni kabisa: Kikafu ndani ya Machame, na Weruweru kati ya Machame na Kibosho. Baadaye kuna Karanga kabla ya Uru, na Rau baada yake. Mkianzia Machame mtatumia siku mbili za kwanza, miguu ikiwa bado haijazoea, mkipanda na kushuka sehemu mbaya zaidi. Siku ya tatu kijana atakuwa na malengelenge, baba atakuwa na goti, na wewe utakuwa unatafuta bodaboda. Ningekuwa na siku nane au tisa ningesema anzieni Machame. Kwa siku tano, anzieni Old Moshi.

Mpango wenyewe ni huu. Siku ya kwanza mnatoka Arusha asubuhi kwa basi au Coaster ya Moshi. Ni kilomita 80 hivi. Stendi ya Moshi mnauliza daladala ya Kidia, Old Moshi. Inapita Kiboriloni, inaacha lami kuu na kupanda kupitia Kikarara na Tsuduni. Kutoka Kiboriloni hadi Kidia ni karibu kilomita 11. Mnalala Kidia usiku mbili. Ndiyo, mbili. Watu wengi wanaosema wanataka safari ya polepole hupanga kitanda kipya kila usiku, na wanachopata ni kufunga na kufungua begi. Usiku wa pili katika nyumba ileile ndio mwenyeji anapoacha kukupikia wali wa wageni na kukupa chakula chake.

Siku ya pili mnatembea bila mizigo ndani ya Old Moshi, au kuelekea Mbokomu na kurudi, ili miguu izoee. Siku ya tatu ndiyo ngumu: Old Moshi kwenda Kilema kupitia Kirua Vunjo. Ondokeni saa moja asubuhi. Siku ya nne asubuhi mnakaa Kilema, mchana mnatembea taratibu kwenda Marangu Mtoni. Siku ya tano mnazunguka Marangu, jioni mnashuka Himo na kuchukua gari la Moshi na Arusha.

Kwa siku ya tatu kuna msaada mkubwa. Barabara inayotoka Kawawa, kwenye lami ya Moshi–Himo, inapanda Kirua na kukatiza kupitia Pakula na Nduoni hadi Marangu Mtoni. Ina urefu wa karibu kilomita 30, na ni moja ya barabara chache za upande huo zinazokwenda kwa kukatiza mlima. Si lazima mtembee juu yake muda wote, vumbi na pikipiki vitawachosha, lakini ijueni iko upande gani. Mkipotea, mkichelewa au mtoto akigoma, tokeni barabarani, simamisheni bodaboda au Noah, mmalizie kwa gari. Na mambo yakiharibika zaidi kumbukeni kwamba kila mgongo una gari lake linaloshuka Moshi au Himo. Mlimani kuna daima njia ya kujiokoa: shuka. Tofauti na porini, hapa hakuna mahali mtakapokuwa mbali na nyumba ya mtu kwa zaidi ya dakika chache.

Jambo ambalo ramani ya simu haitakwambia ni mfongo. Mifongo ni mifereji ya asili ya Wachagga, mingine ina umri wa karne na zaidi, inayochota maji juu mtoni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi vihambani, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Maji hayapandi, kwa hiyo mfongo unashuka kwa mteremko mdogo sana, na kinjia kinachofuata ukingo wake karibu ni tambarare. Badala ya kushuka korongo mita 150 na kupanda mita 150, mara nyingine unaweza kufuata mfongo ukiingia nao ndani ya korongo, ukavuka mto huko juu ambako ni mdogo wa kuruka kwenye mawe, kisha ukarudi ng'ambo ya pili. Safari inakuwa ndefu kwa kilomita na fupi kwa pumzi.

Lakini mfongo una masharti. Kwanza, usikanyage ukingo wa upande wa bonde, ule wa chini. Ni udongo, majani na vipande vya mgomba vilivyoshindiliwa kwa mkono. Mguu ukitumbukia unafungua tundu, maji yanapotelea korongoni, na mtu aliyekuwa na zamu ya maji siku hiyo anakosa. Zamu inapangwa na wenyewe na inaheshimiwa. Hakuna kitu kitakachowaharibia jina kijijini upesi kama hicho. Pili, banio la mfongo, pale unapochota maji mtoni, mara nyingi liko karibu na msitu au ndani yake. Mkiona migomba imekwisha na miti mikubwa imeanza, geukeni. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kuingia bila kibali ni kosa, hata kama mnaona kinamama wanatoka na majani ya ng'ombe. Wao wana historia yao na ukanda wa nusu maili, sehemu ya msitu iliyotengwa zamani kwa matumizi ya wanavijiji; nyie hamna.

Hilo linajibu swali la kibali. Kwenye barabara na njia za vijiji, chini ya msitu, hamhitaji kibali cha hifadhi wala kiongozi wa mlima. Ni nchi ya watu, mnatembea kama mtu yeyote anayekwenda kumsalimu shangazi. Marangu mnaweza kufika hadi kwenye lango la hifadhi, lenye mwinuko wa karibu mita 1,870, mkapiga picha na kurudi. Kupita lango ni habari nyingine, yenye ada na kiongozi, na kwa siku mlizo nazo ningeiacha. Maporomoko kama Kinukamori pale Marangu, au Materuni kule Uru, yana kiingilio kinachokusanywa mahali penyewe. Lipeni na mdai risiti.

Kiongozi wa njia ni jambo tofauti na kibali, na kwa siku ya tatu nasema mchukueni. Ila msichukue mtu mmoja kwa safari nzima. Kijana wa Old Moshi anajua kila kichochoro hadi mto wa mwisho wa kwao; akivuka kuingia Kirua anauliza njia kama nyie, tena kwa aibu. Mwambieni mwenyeji wenu wa Kidia awatafutie kijana wa kuwavusha hadi Kirua, mkifika huko mwombeni mwenyekiti wa kitongoji au mwenye duka awape wa kuwafikisha Kilema. Bei ikubaliwe kabla ya kuondoka, ikiwa na nauli yake ya kurudi ndani yake. Hilo la nauli husahaulika sana, na ndilo linaloleta maneno mwishoni.

Mkiwa peke yenu, ulizeni kijiji kinachofuata, si mwisho wa safari. Ukimuuliza mtu wa Kidia njia ya Marangu kwa miguu atakushangaa, halafu kwa wema atakuelekeza stendi. Muulize njia ya kuvuka kwenda ng'ambo. Muulize pia daraja lipi linapita, maana vidaraja vya magogo huchukuliwa na maji ya masika, na Juni vingine bado havijarudishwa. Kuhusu "hapo tu", msiiamini. Ulizeni hivi: "Nikitembea na mtoto huyu nafika saa ngapi?" Jibu litakuwa karibu na ukweli. Simu pigeni mkiwa juu ya mgongo. Ndani ya korongo mtandao hukatika.

Juni yenyewe ni mwezi mzuri wenye kasoro moja. Mvua kubwa za masika, Machi hadi Mei, zimekwisha, mito bado ina maji, kila kitu ni kijani. Kasoro ni mawingu. Kuanzia Juni hadi Agosti upande wa kusini hufunikwa na ukungu siku nzima, na kilele cha Kibo mnaweza msikione isipokuwa alfajiri au jioni. Manyunyu yapo, na usiku kuna baridi ya kutaka sweta na blanketi mbili. Anayetaka kuuona mlima kila siku aende Januari au Februari, avumilie joto. Anayetaka kuona kahawa ikivunwa, ikimenywa kwa mashine ya mkono na kuanikwa kwenye vichanja, asubiri Septemba hadi Novemba. Wiki ya Krismasi msithubutu kwa safari ya namna hii. Wachagga wote wa Dar es Salaam wako nyumbani, magari yamejaa, vyumba vimejaa, na kila mwenyeji ana wageni wake.

Malazi yapo ya aina tatu. Nyumba za wageni za kawaida ziko Marangu Mtoni na Himo. Kwa Marangu hamtapata shida. Kwenye migongo ya katikati tegemeeni hosteli na nyumba za wageni za parokia na sharika. Pigeni simu wiki mbili kabla, semeni mko wangapi, mnatoka wapi na mtakula nini, kisha pigeni tena siku mbili kabla, kwa sababu kukiwa na semina ya vijana au kikao cha jimbo vitanda vyote vinachukuliwa. Ya tatu ni nyumba ya mtu. Hii ndiyo bora, lakini ipatikane kwa kutambulishwa: mfanyakazi mwenzenu, jirani wa Sakina, mtu wa kwaya. Arusha imejaa watu wa Old Moshi na Kilema, hamtakosa. Mwenyeji atawapeleka kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji mjulikane. Asipofanya hivyo mwombeni nyie, usiku mtu akiuliza "wale ni kina nani?" jibu liwe tayari. Bebeni sukari kilo mbili, majani ya chai na sabuni kwa kila nyumba. Bahasha ya fedha mpeni mama wa nyumba mnapoondoka, si mnapofika.

Ndani ya kihamba kuna adabu zake. Yale majani marefu yaliyopandwa kwa mstari, masale, ni mpaka. Ndiyo hayohayo yanayopelekwa kwa mtu uliyemkosea unapokwenda kuomba msamaha. Msiyavunje kutengeneza njia ya mkato wala kijana asiyakate kuwa fimbo. Makaburi ya ukoo yako humohumo kihambani, mengine yamejengwa kwa vigae na yanavutia kukalia mtu akiwa amechoka. Msikae. Picha za nyumba za watu ziombeni. Salamu ni ya Kiswahili, shikamoo kwa kila mwenye mvi, na msishangae mume wako akiitwa "mangi" na muuza duka. Ni heshima ya kila siku.

Chakula hakitawasumbua. Machalari, kiburu, mtori wa asubuhi, parachichi za kuokota. Hoteli ndogo za chai zipo kwenye kila senta, ila nyingi hupika mchana tu, kwa hiyo chakula cha jioni kiagizeni asubuhi. Kama Jumapili itawakuta njiani, msitembee asubuhi. Ingieni ibadani, mvae vizuri, kisha kaeni hadi mwisho, kwa sababu kwenye sharika nyingi baada ya ibada sadaka za vitu hunadiwa nje ya kanisa: mkungu wa ndizi mshare, trei la mayai, maziwa kwenye chupa, jogoo aliyefungwa miguu. Mtu ananunua mkungu, anautoa tena, unanadiwa mara ya pili. Mtapata chakula cha siku mbili kwa bei njema na mtajulikana na kijiji kizima kwa nusu saa.

Mbege mtaipewa. Imetengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchachushwa, ikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa magome ya msesewe. Inashibisha kama chakula na ukali wake hutofautiana nyumba kwa nyumba na siku kwa siku. Ya jana ni kali kuliko ya leo. Onjeni mkishafika, si mkiwa na korongo mbele yenu. Kijana apewe maziwa.

Maji ya mfongo na ya mto msiyanywe hivihivi, hata yakiwa baridi na meupe. Yamepita zizini, yamefuliwa nguo, yamekutana na dawa za kahawa. Yachemsheni hadi yatokote kwelikweli, mwombeni mwenyeji awajazie usiku yalale yapoe. Mkitumia vidonge vya kutibu maji, someni kidonge ni cha lita ngapi. Vingi vinavyouzwa madukani ni vya ndoo ya lita 20. Ukikitia chote kwenye chupa ya lita moja na nusu unakunywa klorini. Tibuni ndoo nzima jioni, subirini dakika 30, jazeni chupa. Kila mtu lita mbili kwa siku ya Juni, tatu kwa siku ya kwenda Kilema. Dawa za kahawa zenyewe haziondoki kwa kuchemsha wala kwa kidonge, kwa hiyo chagueni bomba la kijiji kila linapopatikana.

Sasa miguu, ambayo ndiyo huvunja safari nyingi. Udongo mwekundu ukilowa unajaza soli yenye mikunjo midogo ndani ya hatua kumi na kiatu kinakuwa kama sabuni. Raba za mjini hazifai. Tafuteni viatu vyenye soli ya meno makubwa yaliyoachana, hata vya mtumba. Kiboriloni kuna soko kubwa la mitumba na mnalipita, lakini msivae kiatu kipya siku ya kwanza ya safari. Vitembeeni mjini Arusha wiki tatu. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa kidole mbele, kwa sababu kwenye mteremko mguu unateleza ndani na kucha za vidole gumba zinagonga hadi zinakuwa nyeusi. Kateni kucha siku mbili kabla. Mkianza kushuka korongo, simameni, kazeni kamba za kiatu kifundoni ili kisigino kikae nyuma. Mkifika mtoni legezeni kabla ya kupanda. Ni kazi ya dakika moja ambayo karibu kila mtu huiona ya kipuuzi hadi siku ya tatu.

Ngozi ikianza kuwa na joto mahali pamoja, bandikeni plasta hapohapo, kabla ya lengelenge kuinuka. Soksi ziwe za sufu au za kuchanganywa. Za pamba tupu zinashika jasho na kukwangua. Fimbo moja kila mtu, inayofika kiunoni na juu kidogo, inapunguza uzito wa magoti kwenye mteremko. Begi lisizidi kilo 7 kwa mtu mzima na 4 kwa kijana: nguo za kubadilisha mara moja, sweta, koti la mvua, kitenge, tochi, sabuni, dawa, chupa. Vitu vyote ndani ya mfuko wa nailoni kwanza, halafu ndani ya begi, kwa sababu kifuniko cha begi hakizuii manyunyu ya saa tatu. Siku ya Old Moshi–Kilema mnaweza kutuma mabegi kwa bodaboda kutoka nyumba hadi nyumba. Dereva awe mtu wa mwenyeji wenu, nusu ya fedha alipwe akiondoka, nusu alipwe na mwenyeji wa Kilema akifika. Simu na fedha mbaki nazo. Fedha ziwe noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Wakala wa kutoa fedha wapo kwenye senta, lakini mama wa ndizi hana chenji ya 10,000 saa mbili asubuhi.

Nimewachagulia nusu ya mashariki si kwa sababu ya miguu tu. Historia yake imekaa wazi njiani. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 alikuwa njiani kwenda Kilema, kwa Mangi Masaki. Old Moshi ilikuwa makao ya Mangi Rindi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara, na baada yake mwanawe Meli, aliyewapiga Wajerumani mwaka 1892 na kushindwa mwaka uliofuata. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Meli hapo Tsuduni pamoja na viongozi wengine, akiwamo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Mahali penyewe pana kumbukumbu, na familia imekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi kwa kuwa inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Nendeni asubuhi ya siku ya pili, bila haraka, mkiwa na mtu wa hapo. Kijana wenu amesoma hayo kwa mistari miwili darasani. Pale atauliza maswali mengine. Akiuliza kwa nini panaitwa Old Moshi wakati mji uko chini, ni reli. Ilifika chini mwaka 1911, mji ukakua kuizunguka, na jina likashuka nao. Kwenu Arusha ilifika 1929.

Kidia ni usharika wa tangu miaka ya 1890, wa Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani. Kilema ni misheni ya Wakatoliki, ya mwaka 1891, na kahawa ya mlimani inahusishwa sana na mapadri wake. Kutoka kwenye mashina hayo ndiyo wakulima walifikia kuunda chama chao mwaka 1925 na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa mlimani, mwaka 1933. Kwa hiyo mkipita ofisi ya chama cha msingi yenye mlango wa bluu uliofifia na mizani ukutani, ingieni msalimie. Karani akiwa na nafasi atawaeleza daraja za kahawa.

Marangu ina mengi na watalii wake, mtajionea. Nawashauri jambo moja tu: Kinukamori nendeni kabla ya saa tatu asubuhi, kabla ya magari ya watalii, na kwenye ngazi za kushukia mshike ukuta, zinalowa na zinateleza hata siku ya jua.

Na baiskeli. Mwambie shemeji kwamba baiskeli ni nzuri kwa mgongo mmoja, kupanda kwa gari na kushuka kwa tairi, na ni mzigo wa kilo 15 begani kwenye kila korongo. Kwa kukatiza atakuwa anaisukuma au kuibeba nusu ya safari. Mteremko nao si zawadi: kutoka Kidia hadi Kiboriloni ni kushuka mfululizo mamia ya mita kwenye kona na changarawe, na breki za mpira zilizochakaa huishia katikati ya safari. Akisisitiza, awe na raba mpya za breki mbele na nyuma na za akiba mfukoni, upepo wa tairi upunguzwe kidogo, abane na kuachia badala ya kubana mfululizo, na asimame kila baada ya dakika kumi aguse rimu. Ikiwa haishikiki kwa joto, apumzike. Aifanye siku ya pili, mkiwa mnalala Kidia. Atashuka Kiboriloni kwa nusu saa, atakunywa chai, na atarudi juu na daladala huku baiskeli ikiwa imefungwa kwenye keria.